Jinsi ya kuupata mkono wako kwenye uchoraji ukiwa hapa hapa Bagamoyo

Wadogo zangu mnaochora, mnaniuliza sana mbona picha zangu mtu anazijua hata kabla hajaona sahihi na za kwenu zinafanana na za duka zima. Mkono wa mchoraji, yaani mtindo wake mwenyewe, unatoka kwenye unachoamini na pale unapoishi, ila haujitokezi wenyewe, lazima uutafute, na mimi niliutafuta hivi.

Kwanza acha kukopi kwa miezi kama mitatu hivi. Najua twiga na Masai ndo vinauzika, hata mimi vilinilisha miaka mingi, ila angalia mzee Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha michoro hii ya wanyama, mtu wa Tunduru, kaanza kuchora Dar 1968 kafariki 1972, yaani miaka minne tu, na alichora kwenye hadibodi kwa rangi ya mafuta maana ndo vitu vilivyokuwepo na hela yake ilivifikia. Sisi tumechukua wanyama wake tukaiacha njia yake. George Lilanga naye, Mmakonde, alikuwa mchongaji kabla hajashika brashi, sa ukiziona picha zake zilivyojaa mashetani kona hadi kona ujue wale walishakaa kwenye vinyago vya kwao zamani, hakwenda kuwatafuta mbali.

Sasa hapa kwenye imani ndo wengi mnakosea. Mtu akisikia kuchora imani yake anachora msikiti na mwezi, basi kamaliza. Hapana! Imani inaingia kwenye namna mkono unavyokwenda. Mji wetu huu ni mji wa Kadiria, tarika ya Waislamu wa Kisufi, na Sheikh Ramiya, ambaye aliletwa pwani mtumwa kutoka Manyema akaja kuwa sheikh mkubwa wa tarika, aliusimamia uradi mpaka anafariki 1931, na zikiri bado ipo. Nenda usimame pembeni, usichore kitu, sikiliza tu pumzi zinavyovutwa pamoja na safu ya kanzu nyeupe inavyoinama na kuinuka. Ukirudi nyumbani usiku huo huo chukua ubao, piga mstari mmoja kwa brashi, halafu huo huo tena, na tena, kwa mwendo ule ule wa pumzi mpaka ubao ujae. Mimi ubao wa kumi na kitu ndo nikaona kitu kinatoka, mistari ilianza kupumua, na tangu siku hiyo bahari yangu naichora hivyo, mawimbi na majani ya minazi pia. Kama we Mkristo kakae Misheni, pale mapadri wa Roho Mtakatifu walipofika 1868, fuata kwaya inavyopanda na kushuka, zoezi ni lile lile.

Wengine mna wasiwasi wa kuchora sura za watu kwa sababu ya dini. Usijilazimishe. Chora migongo, kanga, mikono, kivuli ukutani, huo wasiwasi wenyewe unaweza kukupa mtindo ambao hamna mwingine anao.

Halafu tembea. Nenda kwenye magofu ya Kaole asubuhi jua likiwa chini, uangalie zile nguzo za makaburi na mawe ya matumbawe yanavyokula mwanga, afu urudi Mji Mkongwe wa hapa hapa Bagamoyo ukae mbele ya mlango mmoja wa nakshi, mmoja tu, saa nzima, uchore mnyororo na ua lake kwa mkaa. Usipige picha na simu, simu inakuonea badala yako.

Rangi pia zitoke hapa. Udongo mwekundu uuponde, uchekeche kwa kitambaa, changanya na gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo, unashika vizuri tu kwenye hadibodi. Masizi ya jiko unapata nyeusi nzuri sana. Bizari inavutia ila juani inapauka haraka, hiyo tumia kwa majaribio tu.

Na kila ubao andika tarehe nyuma. Vile vya mwanzo usiviuze hata mtu akija na hela, viweke ukutani pale unapolala.