Ukiumwa-umwa kila mara, kagua na unapoishi

Wengi tukiumwa tunauangalia mwili peke yake, kana kwamba hauhusiani na hewa, maji, wadudu na wanyama tunaoishi nao. Hebu jiulize pia, hapa ninapokaa kimebadilika nini?

Anza na maji yaliyotuama, hapo ndo penye kazi. Mbu aina ya Aedes, yule anayeeneza homa ya dengue, hahitaji bwawa, kifuniko cha chupa chenye maji kinamtosha, na kukiwa na joto yai linakuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 10 hivi, kwa hiyo kila wiki mwaga maji ya ndoo, matairi na visahani vya maua halafu usugue kuta za ndani, maana mayai yananata pembeni na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji. Kumwaga bila kusugua ni nusu kazi, na watu wengi wanaishia hapo.

Moshi wa jikoni nao usiuchukulie poa. Chembe zake ndogo sana, za chini ya mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), zinapenya hadi ndani kabisa ya mapafu, so fungua madirisha, au pikia nje ukiweza.

Hata tumboni kuna viumbe unaoishi nao, kwa hiyo antibiotiki usimeze kwa mafua, haziui virusi vya mafua, zitaishia kuua bakteria wazuri wa tumboni.

Na ukienda kwa daktari mtajie vitu hivi: kazi yako, mifugo unayoshika, maji unayokunywa, na kama majirani nao wanaumwa. Asipouliza, we sema tu.