Kutoka Pikipiki Ndogo ya Kujifunzia hadi Kruza ya Ukubwa wa Kati: Mwongozo kwa Waendeshaji wa Dar es Salaam

Wengi wetu hapa Dar es Salaam tumejifunza kuendesha kwa Boxer, TVS au Honda ndogo ya cc 100 hadi 150, chombo chepesi kinachosamehe karibu kila kosa: ukichelewa kubadili gia kinatikisika kidogo na kuendelea, na kikitaka kulala unaweka mguu chini na kukizuia. Anayehamia kruza ya ukubwa wa kati, yaani pikipiki ndefu yenye kiti cha chini, usukani mpana uliovutwa nyuma na injini ya cc 350 hadi 800 hivi, kwa kawaida hujiandaa kwa jambo moja tu, nalo ni kasi. Kwa uzoefu wangu, kasi ndiyo inayosumbua kidogo kuliko mengine yote. Kinachomwangusha mgeni ni uzito wakati pikipiki inakwenda mwendo wa mtu anayetembea, na katika jiji lenye foleni, matuta na mchanga kama hili, huo ndio mwendo utakaokuwa nao kwa sehemu kubwa ya siku. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mwendo wa polepole.

Kabla ya kutoa pesa

Anza na leseni yako. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo zisizozidi cc 125, na pikipiki yenye injini kubwa kuliko hiyo inahitaji daraja A. Wapo walioendesha cc 150 kwa miaka mingi wakiwa na A1 bila kuulizwa, lakini kruza huvutia macho ya kila mtu barabarani, trafiki wakiwemo, na kampuni ya bima nayo italiangalia daraja hilo siku ukipata ajali. Lipandishe daraja kwanza, kisha ndipo utafute pikipiki.

Katika kuchagua, usitazame ukubwa wa injini peke yake. Boxer ya cc 150 ina nguvu farasi kama 12 na uzito wa kilo 120 na kidogo. Royal Enfield Meteor 350 ina nguvu farasi 20 tu, lakini uzito wake ni kilo 191. Honda Rebel 500, yenye injini ya silinda mbili ya cc 471, ina uzito unaokaribiana sana na huo, ila nguvu zake ni farasi kama 46. Kawasaki Vulcan S ya cc 649 inafika nguvu farasi 60 hivi na uzito unaozidi kilo 220. Meteor na Rebel mwilini utazihisi karibu sawa pale unapoisukuma pikipiki kutoka uani, kwa hiyo mtu mwenye miaka miwili au mitatu ya uzoefu asidanganyike kwamba injini ndogo maana yake ni pikipiki nyepesi. Ushauri wangu kwa anayetoka kwenye cc 125 ni kubaki kati ya cc 350 na 500, isipokuwa awe na mwili wenye nguvu na subira ya kufanya mazoezi nitakayoyaeleza hapo chini.

Keti juu yake kabla ya kuizungumzia bei. Nyayo zote mbili zilale chini kabisa, si vidole tu; kruza nyingi zina kiti cha chini, kile cha Rebel 500 kikiwa milimita 690 kutoka ardhini, kwa hiyo hata mtu mfupi anaweza kulipata hilo. Kunja usukani hadi mwisho kushoto na kulia uone kama mkono wa nje bado unaufikia mshikio bila kunyooka kabisa. Kisha inyanyue kutoka kwenye stendi mara kumi. Ukichoka kabla ya mara ya kumi, tafuta nyingine.

Kama unanunua iliyotumika, kwa mfano Yamaha DragStar 650, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha gusa injini kwa mkono: injini iliyokwisha kupashwa moto huficha matatizo ya kuwaka. Angalia ncha za mikono ya breki na klachi pamoja na sehemu za kuwekea miguu, kwa kuwa mikwaruzo ya hapo huonyesha kuwa pikipiki imewahi kulala. Shika breki ya mbele na uibonyeze pikipiki chini. Mafuta yakionekana kwenye nguzo za shokapu za mbele, sili zimekwisha. Katika ubavu wa tairi tafuta namba nne zilizo ndani ya umbo la yai: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la namna hiyo limeshazeeka hata kama kashata zake bado ni ndefu. Mwisho, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizo kwenye kadi, na uhamishe umiliki TRA mapema, usije ukarithi madeni ya faini ya mtu mwingine.

Suala la spea lina uzito wake. Kebo ya Boxer utaipata Kariakoo hata ukiwa umefumba macho, na kila mtaa una fundi anayeijua injini yake. Kruza haiko hivyo. DragStar 650 ina tairi la inchi 19 mbele na la inchi 15 nyuma, saizi ambazo hazining'inii dukani kila siku. Kwa upande mwingine, haina cheni wala sproketi za kubadilisha kwa sababu inazungusha gurudumu kwa shafti. Kabla ya kulipa, tafuta bei na upatikanaji wa vitu vitano: matairi, brekipedi, kebo ya klachi, betri na filta ya oili. Ukivikosa vitatu kati ya hivyo, fikiria upya.

Mguu wa kushoto na mkono wa kulia

Kuna tabia mbili za pikipiki ndogo ambazo lazima zivunjwe. Ya kwanza ni ya gia. Baadhi ya pikipiki ndogo za kazi zina gia nne zinazokanyagwa zote upande mmoja, kwa pedeli yenye sehemu ya vidole na ya kisigino. Kruza nyingi zina gia ya kwanza chini, nyutro katikati, na zilizobaki zinapandishwa kwa kuinua pedeli. Mguu uliozoea kukanyaga ili kuongeza gia, siku ya hofu utakanyaga tena, na utajikuta umeshuka hadi gia ya pili ukiwa kilomita 70 kwa saa, gurudumu la nyuma likijaribu kufunga. Keti kwenye pikipiki iliyozimwa, jioni tatu mfululizo, upandishe na kushusha gia kwa mkono wa klachi mpaka mguu uache kufikiri.

Ya pili ni ya breki. Waliojifunzia kwenye breki za ngoma wamezoea kuitegemea ya nyuma na kuiogopa ya mbele. Kwenye kruza, breki ya nyuma inasaidia zaidi kuliko kwenye pikipiki nyingine, kwa sababu chombo ni kirefu na uzito mwingi umekaa nyuma, lakini kazi kubwa bado ni ya mbele. Ibane kwa kuongeza nguvu taratibu, kama unavyokamua chungwa, usiinyakue. Na kumbuka hesabu hii: kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde, na kilomita 100 ni karibu mita 28, ila umbali wa kusimama kwa breki hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara nne.

Kipo kipindi kimoja ambacho breki ya mbele haitakiwi kabisa, nacho nilikijua kwa maumivu. Wiki ya kwanza ya kruza yangu ya cc 650, baada ya miaka minne ya Boxer, niliingia kituo cha mafuta polepole, nikakunja usukani kushoto kuelekea pampu, na mtu akapita mbele yangu akiwa amebeba dumu. Nikabana breki ya mbele kwa vidole vyote vinne. Pikipiki ilisimama hapohapo, lakini kwa kuwa usukani ulikuwa umekunjwa, uzito wote ulishukia upande wa kushoto. Nikaweka mguu chini, na soli ikakuta sakafu yenye dizeli. Mguu mmoja hauwezi kuzuia zaidi ya kilo 200 zilizokwisha kuinama. Mkono wa klachi ulivunjika, na nilisubiri mwingine kwa wiki tatu. Tangu siku hiyo, usukani ukiwa umekunjwa na mwendo ukiwa mdogo, natumia breki ya nyuma peke yake, na nanyoosha usukani kabla pikipiki haijasimama kabisa.

Ikilala, usiinyanyue kwa mgongo. Zima injini, iingize gia ili isiserereke, na kama imelalia kulia toa stendi kwanza, kwa kuwa ndiyo itakayoipokea upande wa pili. Ipe mgongo, chuchumaa makalio yakiegemea kiti, shika mshikio ulio karibu na ardhi kwa mkono mmoja na chuma imara cha fremu kwa mwingine, kisha tembea kinyumenyume kwa hatua fupi ukisukuma kwa miguu.

Mazoezi ya mwendo wa polepole

Tafuta eneo la wazi lenye lami au sakafu ngumu, omba ruhusa, uende Jumapili alfajiri kabla jua halijapanda. Beba chupa kumi za maji zilizojazwa mchanga; hizo ndizo alama zako.

Zoezi la kwanza ndilo mama wa mengine. Ukiwa kwenye gia ya kwanza, achia klachi taratibu mpaka uhisi pikipiki inaanza kuvuta, kisha ibane tena kabla haijaondoka. Rudia mara hamsini. Pale katikati, ambapo klachi haijashika yote wala haijaachia yote, ndipo kruza inapoendeshwa ndani ya foleni: mafuta yakiwa yametulia pale pale, breki ya nyuma ikiguswa kidogo kuishikilia pikipiki, na klachi ikifanya kazi ya kuongeza na kupunguza mwendo. Ukiweza kwenda mita 20 kwa sekunde 20 bila kugusa ardhi, umeanza kuijua.

Halafu panga chupa na ufanye mzunguko wa kugeuka kurudi ulikotoka. Anza na upana wa mita 12, upunguze hadi karibu mita 8, pande zote mbili. Geuza kichwa utazame unakotaka kutokea, wala si chupa iliyo mbele ya gurudumu, maana pikipiki hufuata macho. Malizia kwa breki: kutoka kilomita 30, kisha 40, kisha 50 kwa saa, usukani ukiwa umenyooka, breki zote mbili. Mimi nilihitaji Jumapili nne, na sioni sababu ya mtu kuharakisha.

Kuingia mjini

Kruza haipiti anapopita bodaboda. Usukani wake mpana hautoshi kati ya daladala mbili pale Mwenge au Buguruni, na kujipenyeza kutakugharimu vioo vya watu. Subiri kwenye foleni kama gari. Njia ya mwendokasi katika Barabara ya Morogoro usiiguse kabisa. Ni kosa, na basi linalokuja nyuma haliwezi kusimama upesi. Kama injini yako inapozwa kwa hewa, joto la Februari kwenye foleni ndefu litakuchoma mapaja na kuichosha injini, kwa hiyo pale magari yanaposimama kabisa, zima.

Kwenye matuta, punguza mwendo mapema, achia breki kabla gurudumu la mbele halijapanda, na pita ukiwa umenyooka. Kruza iko chini, mabomba ya moshi yakiwa chini zaidi, na ukipakia abiria shokapu za nyuma hushuka na tumbo hugonga. Mchanga unaotambaa juu ya lami huko Kigamboni na Kunduchi upite bila kuinama, bila breki ya mbele na bila kuongeza mafuta ghafla. Mlango wa chuma wa pantoni ya Magogoni nao, ukiwa umelowa maji ya bahari, unateleza kama sabuni: gia ya kwanza, usukani umenyooka, na subiri aliye mbele amalize kupanda. Ukirudi nyumbani, ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwani kromu na hewa ya bahari havipatani. Na mvua za kwanza za vuli zinapoanza, ipe barabara nusu saa isafishwe mafuta na vumbi.

Vaa helmeti inayofunika uso mzima, jaketi la wavu lenye pedi kwenye viwiko na mabega, glovu, na viatu vinavyopita kifundo. Jaketi la wavu linapitisha upepo, na joto la Dar si sababu ya kuendesha kwa kanda mbili.

Abiria asubiri hadi mwezi wa pili. Mwili wake uko juu na nyuma, na unabadilisha kila kitu ulichokizoea kuhusu mizani na breki. Akipanda, mweleze asishushe miguu mnaposimama na aangalie juu ya bega lako la upande mnaoelekea.

Kwa safari ya kwanza ndefu napendekeza Bagamoyo, karibu kilomita 70, mkitoka alfajiri. Tembea kilomita 80 kwa saa hata kama pikipiki inataka zaidi, na usimame Bunju unyooshe mgongo, kwa sababu kuketi huku miguu ikiwa mbele huweka uzito wote kiunoni. Mkishafika, subiri injini ipoe, kisha kagua kiwango cha oili, upepo wa matairi, na nati za vioo, za mabomba ya moshi na za namba, maana mtetemo wa mwendo mrefu huzilegeza. Zikaze zilizolegea na uziwekee alama ya rangi. Kwenye safari ijayo utaona kwa jicho tu kama zimesogea.