Pima triga ya krosbou kwa kidole chako, si kwa maandishi ya boksi

Kila aliyewahi kutega panya jikoni anajua kazi ya triga, hata kama maishani mwake hajashika krosbou, ule upinde unaofyatuliwa kwa triga kama bunduki. Ukishikisha kiwaya kidogo mno, mtego unafyatuka ukiwa bado unaning'iniza dagaa, unabaki unapuliza kidole. Ukikishikisha kupita kiasi, panya anamaliza dagaa na kuondoka zake. Katikati pana nafasi nyembamba, na kila anayekuuzia krosbou anadai yeye kaipata. Mwongozo huu ni wa kumhakiki.

Mimi ni fundi wa kufuli na baiskeli hapa Arusha. Krosbou nilizianza kwa bahati tu: mteja aliniletea ya kwake ikiwa imekwama, na kwa kuwa mtambo wa ndani unafanana na kufuli kuliko unavyofanana na upinde, nikaifungua. Tangu hapo wenye nazo, ambao si wengi, hunijia. Tunalenga marobota ya majani kwenye shamba upande wa Kisongo, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Wanyama hawahusiki kabisa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 iko wazi: kuwinda bila leseni ni kosa, na kukutwa na silaha hifadhini bila kibali ni kosa jingine. Kabla hujaagiza chochote kutoka nje, waulize polisi na watu wa forodha. Mzigo uliokwama mpakani Namanga hauna triga nzuri wala mbaya.

Hatua ya 1: Zijue hisia nne za kidole

Chukua baiskeli yoyote, uvute breki polepole sana. Mwanzo mkono wa breki unakuja bure, hauna uzito. Halafu unakutana na kitu kigumu. Triga nayo ina safari yake, na safari hiyo ina sehemu nne. Majina haya ni ya karakana yangu, ukiwa na mazuri zaidi tumia ya kwako.

Ya kwanza ni ulegevu, ule mwendo wa bure. Watu wengi huuchukia bila sababu. Ulegevu mfupi unaoishia kwenye ukuta unaoeleweka hauna shida, kidole kinaegemea ukutani na kusubiri.

Ya pili ni mburuto, na hapa ndipo ninapotaka ukae. Umeshafika ukutani, unaongeza nguvu, na triga bado inasogea kabla ya kuachia. Ndani, chuma kinaburutwa juu ya chuma kikiwa kimebeba mzigo mzito. Ni kama kuburuta kreti la soda juu ya sakafu ya saruji: linakwama, linaruka kidogo, linakwama tena. Kila linaporuka, ubongo wako unadhani mshale umeondoka, mabega yanashtuka, na shabaha imeshahama. Mtu mwenye triga ya mburuto hujifunza kuikwapua ili aumalize haraka, na akishazoea kukwapua, kumwachisha ni kazi ya miezi.

Ya tatu ni mfyatuko wenyewe. Njiti ya kiberiti hukatika, bua bichi la mahindi hupinda kwanza. Wewe unataka njiti.

Ya nne ni mwendo wa ziada, yaani kidole kinavyoendelea kwenda nyuma baada ya kuachia. Kwenye krosbou jambo hili lina uzito kuliko kwenye bunduki, kwa sababu risasi hutoka kwenye mtutu kwa kama milisekunde moja, lakini mshale unasukumwa na ugwe, yaani kamba ya upinde, kwa milisekunde kadhaa kabla haujawa huru. Kidole kikigonga nyuma kwa kishindo, kishindo hicho kinaukuta mshale bado uko kwenye reli, ule mfereji unaoubeba.

Uzito wa kuvuta sikuuweka kati ya hizo nne. Nitaufikia.

Hatua ya 2: Usivute triga bila mshale, hata dukani, hata ukiambiwa ni onyesho

Ugwe ukiachiwa bila mshale, nguvu yote inayopaswa kuondoka na mshale inarudi kwenye mabawa, ile mikono miwili ya upinde inayopinda. Yanapasuka, au ugwe unakatika, na vipande havichagui uso wa kuuingia. Krosbou nyingi za siku hizi zina kizuizi ndani ya mtambo kinachoukamata ugwe kama hakuna mshale, lakini hicho ni cha kukuokoa na ajali, si cha kuchezea.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Krosbou ya zamani isiyo na kizuizi, nimeitegea mezani nikitaka tu kuisikia triga, kidole kikazidisha. Bawa la kushoto lilifunguka kama ganda la ndizi. Mwenyewe alikuwa mzee wa heshima zake, nilipomwamkia shikamoo siku ile hakuitikia mpaka nilipomaliza kueleza. Nililipa.

Kwa hiyo kila jaribio lililo hapa chini linafanywa mshale ukiwa umepachikwa, ambao ncha yake ya nyuma, inayokaa kwenye ugwe, ni ya aina anayoitaka mtengenezaji wa krosbou hiyo, umeelekezwa kwenye robota nene mita 10 mbele, na vidole vya mkono wa mbele vikiwa chini ya reli. Nyuma ya robota kuwe na tuta la udongo. Na mtu mmoja asimame anaangalia njia, maana huku kwetu mtoto mwenye ng'ombe watatu anaweza kutokea popote bila kupiga hodi. Muuzaji akikataa usijaribu hivyo, usinunue kwake.

Hatua ya 3: Hakiki kitasa cha usalama kabla ya kitu kingine

Krosbou nyingi hujifunga zenyewe unapovuta ugwe. Ikiwa imefungwa na mshale umo, vuta triga kwa nguvu ya kawaida. Isitoke. Sasa toa kidole kabisa, kisha fungua kitasa. Bado isitoke. Mtambo uliochakaa unaweza kukumbuka ule mvuto wa kwanza na kufyatuka unapofungua tu kitasa, kidole kikiwa mbali. Ukikutana na wa hivyo, biashara imeishia hapo, hata kama bei ni ya kutupa.

Hatua ya 4: Pima uzito mara kumi, kisha angalia tofauti

Huhitaji kifaa cha gharama. Mizani ndogo ya kidijitali ya kupimia mabegi inatosha, ile ya kuning'iniza yenye ndoano. Ilaze krosbou juu ya mifuko miwili iliyojazwa mchanga, ifunge kwa mkanda isihame, fungia kitanzi cha uzi mnene katikati ya triga, ingiza ndoano ya mizani, na uvute moja kwa moja kuelekea nyuma, taratibu. Mwenzako arekodi kioo cha mizani kwa simu, kwa sababu namba ya mwisho hupotea haraka kuliko jicho. Kila kipimo ni mshale mmoja na kuvuta ugwe upya, kwa hiyo jiandae kutoka jasho.

Boksi nyingi huandika pauni 3 au 3.5, ambazo ni kama kilo 1.4 na 1.6. Za bei nafuu mara nyingi huzidi kilo 2. Mteja wangu mmoja alinijia na krosbou mpya akitabasamu: "Fundi, hii ni pauni tatu, soma mwenyewe kwenye boksi." Nikamwambia, "Mzee wangu, boksi halifyatui mshale." Tulipopima tukapata 1.3, 1.9, 1.4, 2.1, 1.5. Ya jirani yake, ambayo yeye aliicheka kwa uzito, ikatoa 2.0, 2.0, 2.1, 2.0, 2.0.

Ipi utachukua? Mimi nachukua ya jirani bila kufikiri mara mbili. Kidole kinazoea kilo 2 kwa siku moja, lakini hakuna anayezoea kitu kinachobadilika kila mara. Namba zinazorukaruka maana yake nyuso za chuma ndani hazishikani sawasawa, na huo ndio mburuto ukijionyesha kwa tarakimu.

Wepesi nao una mpaka. Njoo Juni au Julai saa moja asubuhi huku Kisongo, vidole vimekufa ganzi na umevaa glovu, kisha niambie unataka triga ya kilo 1. Kwa anayeanza, mahali popote kati ya kilo 1.5 na 2 pananitosha.

Hatua ya 5: Vuta polepole ukiangalia kwenye darubini

Hili ndilo jaribio ninaloliamini kuliko mizani. Krosbou bado iko juu ya mifuko ya mchanga, bila mkanda safari hii, kitako cha krosbou kiko begani. Weka alama ya darubini juu ya nukta ndogo kwenye robota. Anza kuongeza nguvu kwenye triga kwa polepole ya kuchosha, kama sekunde kumi kutoka ukutani hadi kuachia, ukiiangalia alama, usikiangalie kidole.

Ikitulia kisha mshale ukaondoka ghafla, una triga nzuri. Ikitetemeka kwa hatua hatua, kila hatua ni lile kreti linaloruka. Hesabu hatua. Moja ndogo navumilia. Tatu, narudisha.

Baada ya hapo badilishaneni. Mwenzako naye afanye bila wewe kumwambia ulichosikia, kila mtu aandike lake, ndipo mlinganishe. Ukiwa umeshaipenda rangi ya krosbou, kidole chako kitakudanganya.

Hatua ya 6: Chungulia mtambo

Fikiria mzigo. Krosbou ya mabawa ya kawaida, isiyo na magurudumu ya ugwe kwenye ncha za mabawa, yenye nguvu ya pauni 175, ugwe wake umevutwa kwa karibu kilo 80, na wewe unauachia kwa kilo 1.6. Mara hamsini. Tofauti hiyo inafanywa na ndoano inayoushika ugwe, kishikizo kinachoizuia ndoano, na triga inayokiondoa kishikizo. Wachina walishalijua hili zamani: kwenye mashimo yaliyo karibu na kaburi la mfalme Qin Shi Huang, aliyefariki mwaka 210 kabla ya Kristo, pamoja na wale askari wa udongo zilipatikana triga za shaba nyeusi zenye vipande vinavyofanya kazi kwa wazo hilihili.

Kwa hiyo uliza, na ikiwezekana tazama kwa tochi, mambo mawili. Kwanza, triga iko mbali kiasi gani na ndoano? Kwenye krosbou fupi ambazo triga imesogezwa mbele, kuna fimbo ndefu inayounganisha mbele na nyuma. Fimbo ikiwa nyembamba inapinda kidogo kabla ya kufanya kazi, na kidole kinasikia ubichi wa bua la mahindi. Zipo zilizotengenezwa vizuri, ila ni eneo la kuchunguza mara mbili. Pili, nyuso zinazogusana ni za chuma kilichosawazishwa, au ni bati lililopigwa na kukatwa tu? Kampuni ya TriggerTech ya Canada iliweka kigurudumu kidogo kati ya triga na kishikizo ili chuma kibiringike badala ya kuburutika, na tofauti unaisikia hata kama hujui kilichomo. Ravin wao wana kisanduku cha triga kinachosafiri kwenye reli kwenda kuufuata ugwe na kurudi nao. Kwenye hizo, fanya jaribio la hatua ya 5 mara nyingi zaidi, uone kama kisanduku kinakaa palepale kila mara.

Triga yenyewe ikiwa ya plastiki laini, ibinye ubavuni. Ikicheza kushoto na kulia, mashaka.

Hatua ya 7: Mishale mitano, mita 30

Sasa piga kwa kawaida, ukiwa umeegemea mifuko. Mita 20 hazitakuambia kitu, karibu kila triga inapiga vizuri hapo. Kwa mita 30 mishale ikitawanyika juu na chini, kosa mara nyingi liko kwenye mishale au ugwe. Ikitawanyika kulia na kushoto asubuhi isiyo na upepo, mkono unakwapua triga, na hapo rudi hatua ya 5 kabla ya kulaumu darubini. Nukta tano tofauti, mshale mmoja kila nukta, usije ukapasua mshale kwa mshale. Bei yake inauma.

Kitu ambacho sitakufundisha

Wengi huniuliza kuhusu kusugua kishikizo kwa msasa laini ili triga iwe tamu. Sifanyi kwa mtu na sielekezi. Ukiondoa chuma kidogo tu mahali pasipostahili, kishikizo kitashika leo, na kesho kitaachia ukiwa unatembea nayo. Krosbou yenye triga mbaya inarudishwa au inabadilishiwa mtambo mzima uliotengenezwa kwa ajili yake.

Unachoweza kufanya mwenyewe ni usafi, na huku kwetu ni lazima. Vumbi la kiangazi likikutana na grisi nzito ndani ya mtambo linakuwa msasa wenyewe. Futa grisi ya kiwandani inayoonekana ikiwa imeganda, tumia mafuta mepesi anayoyataja mtengenezaji, tone moja, si kumwaga. Funika mtambo kwa kitambaa ukiwa kwenye gari. Kila baada ya miezi michache rudia vipimo kumi vya hatua ya 4 na uviandike kwenye daftari, kando ya vile vya kwanza. Namba ikipanda au ikianza kurukaruka, safisha kwanza, pima tena, na ikiendelea hivyohivyo usiivute tena mpaka mtu ameifungua.