Laza antena ya gari umpate jirani: mwongozo wa mita 40

Uko Mikumi, unamwita mwenzako wa Dar es Salaam kwa redio ya gari kwenye bendi ya mita 40 (masafa ya megahezi 7 hivi), kimya. Wakati huohuo kituo cha Afrika Kusini kinaingia kama kiko chumba cha pili. Redio yako haina ubaya. Antena iliyosimama wima husukuma nguvu zake kuelekea upeo wa macho, na juu ya utosi wake haitoi karibu chochote. Wimbi la ardhini hufia milimani, la angani humruka jirani likatua mbali. Mimi nilihangaika hivyo miezi kadhaa, nikinunua koili (waya uliozungushwa, wa kuifanya antena fupi ifanye kazi kama ndefu) juu ya koili, kabla sijaelewa kwamba mtu wa kilomita 50 hadi 400 anapatikana kwa kurusha wimbi juu kabisa, ligonge ionosfia, tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme, na kurudi chini.

Nachukulia leseni ya redio ya ridhaa (ya mawasiliano ya kujifurahisha, si ya biashara) unayo tayari.

Hatua ya 1: umeme. Redio ya wati 100 hula ampea 20 hivi unapotuma. Achana na tundu la kiberiti. Vuta waya mnene kutoka kwenye betri yenyewe, na fyuzi ikae karibu na betri.

Hatua ya 2: ethi. Bodi ya gari ni nusu ya pili ya antena. Pale kishikizo kinapokaa, kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, kaza bolti, kisha paka grisi kuzuia kutu. Unganisha boneti, mlango wa buti na bomba la moshi kwenye bodi kwa waya bapa wa kusuka, mfupi iwezekanavyo. Usitegemee bawaba. Antena ya mita 3 kwenye mita 40 ina ukinzani wa kurusha (ule unaogeuza umeme kuwa mawimbi) wa ohimu chache tu, kwa hiyo kila ohimu inayopotea kwenye kutu inakula wati zako. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo iliyonibadilishia mambo kuliko koili zote nilizonunua.

Hatua ya 3: kulaza. Egesha gari. Tumia antena ya fimbo inayopindika yenye koili katikati, iliyofungwa bampa ya nyuma. Ilaze kuelekea nyuma, mbali na gari, nyuzi 45 au zaidi, uishikilie kwa mshipi wa kuvulia samaki. Waya wa chuma usiutumie. Ukitaka kuilaza gari likitembea, ipindie mbele juu ya paa. Ikining'inia nyuma itamchoma dereva wa bodaboda. Ncha ina volti za maelfu unapotuma, na watoto hupenda kusogea kwenye gari lenye mambo mageni. Usibonyeze maiki kabla hujatazama nyuma.

Hatua ya 4: kupima upya. Hapa ndipo wengi hukwama. Fimbo ikikaribia bodi au ardhi, masafa inayoyapokea vizuri hushuka. Ulikuwa umeipima wima ikakaa vizuri megahezi 7.100, ukiilaza, mita ya SWR (kipimo cha nguvu zinazorudishwa na antena, chini ndiyo nzuri) inapanda, unadhani umeharibu kitu. Hujaharibu. Fupisha ncha kidogo kidogo, sentimita moja moja, ukipima kila mara kwa nguvu ndogo ya wati 5, mpaka SWR irudi chini ya 2. Nafasi hiyo ni finyu, makumi machache ya kilohezi tu, kwa hiyo chagua masafa mnayokutana na wenzako ukae hapo. Weka alama ya rangi kwenye ncha: moja ya wima, nyingine ya kulala.

Hatua ya 5: ukikaa muda mrefu, tundika waya. Funga mlingoti wa mianzi au plastiki kwenye keria, kilele kifike mita 5 au 6. Kata nyaya mbili za mita 10.3, zishuke pande mbili kama paa la nyumba, kisha punguza ncha zote mbili sawasawa mpaka zikae 7.100. Ncha ziwe juu ya kichwa cha mtu. Usihangaike kutafuta mnazi mrefu. Urefu huu unarusha juu vya kutosha, na waya huu utaishinda fimbo kwa mbali.

Sasa mwite mwenzako saa nne asubuhi au alasiri. Muombe akusomee mita yake ya nguvu ya mawimbi fimbo ikiwa wima, kisha ikiwa imelala. Usiku, jirani akianza kufifia kwenye megahezi 7 huku wa mbali wakijaa, hamieni megahezi 3.5.