SOMO: Gato (keki) ya mapambo nyumbani, na namna ya kuzuia rangi nyeusi isilie juu ya nyeupe

Jambo yenu wote. Tangu mwezi wa tisa nimejibu swali moja zaidi ya mara ishirini, mara nyingine usiku wa manane nikiwa na sukari mpaka kwenye viwiko: "Yaya, nyeusi yangu imechuruzika juu ya nyeupe, nifanye nini?" Leo naandika yote mahali pamoja, na atakayeniuliza tena nitamleta hapa.

Ninapambia gato nyumbani hapa Lubumbashi, juu ya meza ya jikoni. Nina furu (oveni) ndogo ya umeme, na mbabula (jiko la makaa) pembeni kwa siku ambazo kurant (umeme) imeenda. Wateja wangu wengi wanataka Mazembe (timu ya mpira ya hapa, nyeusi na nyeupe), toga za wanaomaliza chuo, vitabu vya waliofaulu Exetat (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari), na komunyo ya kwanza.

Hatua ya 1. Uliza siku, idadi ya watu, gato itakaa wapi na itasafiri namna gani. Gato ya chini ya hema mwezi wa kumi si sawa na gato ya sebuleni mwezi wa saba.

Hatua ya 2. Oka siku moja kabla, acha ipoe kabisa, funga kwa nailoni.

Hatua ya 3. Kata kichwa kilichovimba, gawa, paka krem, panga. Ndani ya gato itakayofunikwa fondanti (koti la sukari iliyokandwa) usiweke krem ya maziwa ya kupigwa wala matunda mabichi. Hivyo vinadai frigo, na mambo ya frigo utayaona kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 4. Koti la ganashi. Chini ya fondanti nimeacha kabisa krem ya siagi. Siagi inayeyuka karibu na nyuzi 32, na mchana wa mwezi wa kumi hapa kwetu joto linafika huko bila shida. Kwa chokoleti nyeusi pima gramu 600 kwa gramu 300 za krem ya maziwa. Kwa chokoleti nyeupe, gramu 900 kwa 300. Mimina krem iliyochemka juu ya chokoleti iliyokatwakatwa, ngoja dakika tatu, koroga, iache ilale usiku. Kesho yake inapakika kama siagi ya karanga. Ikikauka juu ya gato inakuwa ukuta, na fondanti inapata mahali pa kushika.

Hatua ya 5. Fondanti. Jelatini ya unga gramu 10 iloweke kwenye mililita 60 za maji, uipashe moto polepole mpaka iyeyuke, isichemke. Ongeza glukozi mililita 120, gliserini kijiko 1 cha chakula na mafuta magumu kijiko 1. Mimina katikati ya kilo 1 ya sukari glasi (sukari ya unga) iliyochekechwa, ukande, funga nailoni, iache mpaka kesho. Gliserini iwe ya kula, imeandikwa hivyo kwenye chupa. Ile ya kupaka ngozi usiiweke kwenye chakula cha watu. Gato ya upana wa sentimita 20 na kimo cha 10 inataka duara la sentimita 40 na kidogo zaidi, unene wa milimita 4, yaani kama gramu 800.

Hatua ya 6. Rangi nyeusi. Usianze na fondanti nyeupe ukamwaga rangi mpaka iwe nyeusi. Utamaliza chupa, fondanti italegea, itakuwa chungu, na wageni wataondoka na ndimi nyeusi. Anza na kahawia: ikandie chokoleti nyeusi iliyoyeyushwa, kama gramu 100 kwa gramu 500, ndipo uongeze rangi nyeusi ya jeli kidogo kidogo. Simama ikiwa bado kijivu kizito. Ilale usiku, asubuhi utaikuta imekolea yenyewe.

Nyeupe ikande kwanza na uifungie mbali kabla mkono haujagusa nyeusi. Badilisha kitambaa cha meza. Nyeusi isukumie juu ya mafuta magumu kidogo. Maizena (wanga wa mahindi) itaacha madoa meupe utakayopangusa mpaka usiku.

Hatua ya 7. Frigo. Hapa someni polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu sherehe ya mtoto wa watu.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua zimeshaanza. Gato ya ghorofa mbili, mistari ya Mazembe inayoshuka toka juu mpaka chini, mtoto anatimiza miaka saba. Nilimaliza saa tano ya usiku, nikaiingiza kwenye frigo yote nzima, imevaa kila kitu. Asubuhi ilikuwa safi. Nikaifikisha saa nne, nikaiweka mezani, nikasimama pembeni nimeridhika. Baada ya dakika kumi fondanti ikaanza kung'aa. Baada ya nusu saa kulikuwa na matone madogo kila mahali, kama kwenye chupa ya bia iliyotoka baridi. Kisha tone moja chini ya mstari mweusi likanenepa, likajaa rangi, likashuka juu ya nyeupe mpaka kwenye kibao. La pili likalifuata. Nikachukua karatasi laini nikapangusa, na hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa zaidi, maana mstari mweupe wote uligeuka kijivu. Mtoto akaja kuangalia, akamuuliza mama yake kwa nini Mazembe inalia. Nilimrudishia yule mama nusu ya pesa, na mpaka leo nikikutana naye sokoni moyo unanigonga.

Sababu ni hii. Kitu baridi kikikutana na hewa yenye unyevu, mvuke wa hewani unageuka matone juu yake. Sukari nayo inavuta maji. Rangi ya jeli inayeyuka kwenye maji. Ukiziunganisha tatu hizo, nyeusi lazima itembee. Toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu hewa ya hapa imejaa maji; mwezi wa sita na wa saba hewa ni kavu na unaweza kuponea, ila hapo shida yako ni fondanti kupasuka na kufanya ngozi ya tembo kabla hujamaliza kuifunika.

Kwa hiyo:

Gato iliyokwisha vaa fondanti HAIINGII frigo. Inakaa kwenye karto (boksi), chumba chenye baridi kuliko vyote, mbali na dirisha la jua. Ganashi na keki ya kawaida vinavumilia siku mbili hivyo.

Frigo ni ya kabla: gato ikiwa na koti la ganashi, dakika 20 ili ishike, basi. Ikitoka ngoja baridi iishe kabla ya kuivalisha.

Ukilazimika kweli kuiweka frigo, iweke ndani ya karto lililofungwa vizuri, na ukiitoa USIFUNGUE karto kwa saa mbili au tatu. Matone yatashika kwenye karto badala ya kwenye fondanti. Na kama kurant inaenda na kurudi usiku, usithubutu kabisa: itapashwa na kupozwa mara tatu kabla ya asubuhi.

Ikitoa jasho, usiguse. Washa vantilateri (feni), iachie upepo wa mbali, isubiri ikauke yenyewe.

Mistari myeusi mimi sasa naibandika asubuhi ya sherehe, kwa maji machache sana kwenye brashi, nyuma tu, katikati ya mstari, si pembeni.

Hatua ya 8. Sanamu. Zitengeneze siku tatu au nne kabla, kandia poda ya CMC (ya kukazia fondanti) kijiko 1 cha chai kwa gramu 250 za fondanti. Mtu wa kukaa ni rahisi kuliko wa kusimama. Ndiyo maana nafurahi mtu akiniomba Kidiaba, golikipa wa Mazembe, akishangilia kwa kuruka juu ya makalio kama mwaka 2010, mwaka ambao Mazembe ilifika fainali ya dunia ya klabu: umbo zima linakaa chini, haliangukii mtu. Na wakitaka nyota, hesabu vizuri, mashabiki wanajua: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Tano za ubingwa wa Afrika.

Hatua ya 9. Njia. Chini kwenye sakafu ya gari, juu ya kitambaa kisichoteleza. Si kwenye mapaja. Mwambie dereva kuhusu matuta kabla hajawasha gari.

---

MASWALI

MamaMapacha: Asante yaya. Sasa naomba resepi ya fondanti.

*Jibu:* Hatua ya 5.

Jikoni Ruashi: Yangu nimeitoa frigo sasa hivi inatoa jasho, nipanguse na nini??

*Jibu:* Usipanguse na kitu chochote. Vantilateri. Hatua ya 7, mama, nimeandika mpaka aibu yangu pale.

KisuNaKrem: Mimi naweka frigo kila wiki na haijawahi kulia hata siku moja. Unawatia watu woga bure.

*Jibu:* Uliweka miezi gani? Rangi gani? Na frigo yako ni ile isiyofanya barafu? Zile hewa yake ndani ni kavu zaidi. Gato ya rangi moja nyepesi ikitoa jasho haionyeshi. Nyeusi juu ya nyeupe inaonyesha yote. Sijamtia mtu woga, nimeeleza nilichokiona kwa macho yangu na nilichokilipa kwa pesa yangu.

KisuNaKrem: Sawa, ni ya pinki na nyeupe, mwezi wa saba.

*Jibu:* Haya basi. Jaribu nyeusi mwezi wa kwanza, uturudie.

Wa Bukavu: Yaya, sisi huku karibu na ziwa mvua ni toka mwezi wa tisa mpaka wa tano. Kuna njia ya kupata nyeusi isiyoyeyuka kabisa, badala ya kukimbia maji tu?

*Jibu:* Swali zuri sana hili, na ndilo lililonichukua muda mrefu kulijua. Rangi ya jeli iko ndani ya maji. Weusi wa kakao uko ndani ya mafuta na vumbi, hautembei na tone. Tengeneza chokoleti ya kufinyanga: yeyusha chokoleti nyeusi gramu 250, changanya na glukozi gramu 100 iliyopashwa kidogo, koroga mara chache tu (ukikoroga sana mafuta yanatoka), funga nailoni, kesho ikande. Ukitaka iwe nyeusi zaidi, tafuta rangi ya mafuta, ile ya kutia kwenye chokoleti, si ya jeli. Sukuma, kata mistari, bandika. Ikipata jasho itang'aa na kunata kidogo, lakini nyeupe yako itabaki nyeupe. Kandia haraka maana joto la mkono linailainisha. Ukijaribu tuandikie imekuwaje kwa hewa ya huko, ningependa sana kujua.

Bluu na Njano: Na sisi wa Lupopo, timu ya bluu na njano, je? Au somo ni la upande mmoja?

*Jibu:* Karibu, ndugu. Kwenu hatari ni kijani: bluu ikichuruzika juu ya njano ndiyo utakayoipata. Kanuni ni zile zile. Ongeza moja: bluu na zambarau zinapauka kwenye mwanga, kwa hiyo funika gato mpaka saa ya kuileta mezani.

Shangwe ya Exetat: Ile pudre (poda) ya kung'aa ya sokoni imeandikwa "non toxique" (si sumu). Natia juu ya kitabu?

*Jibu:* Hapana. Hiyo maana yake haikuui ukiigusa au ukimeza kidogo kwa bahati mbaya. Si chakula. Tafuta iliyoandikwa kuwa inaliwa. Na siku ya matokeo, watu wakianza kumwagiana pudre, gato iwe chumba kingine.

Maua Kampemba: Naweza kuweka maua ya kweli toka uani?

*Jibu:* Inategemea ni maua gani. Loriye-roze (oleanda) ni sumu, usiikaribishe hata kwenye kibao. Franjipani ina utomvu mweupe unaowasha. Waridi lisilopigwa dawa linafaa, lakini mguu wake ufunge nailoni, usiuchome moja kwa moja ndani ya keki.

Mwanafunzi Katuba: Sina furu kabisa. Yaya umetaja mbabula, inawezekana kweli gato ya kupamba kutoka kwenye makala (makaa)?

*Jibu:* Inawezekana, nilianzia hapo. Chukua sufuria kubwa yenye mfuniko mzito, tandaza mchanga mkavu chini, kama vidole viwili, iache ipate moto dakika 15. Mold (chombo cha kuokea) yako iweke juu ya vijiwe vitatu, isiguse mchanga. Makala machache chini, mengi kidogo juu ya mfuniko: chini kukizidi, tako la gato linaungua wakati katikati bado uji. Usifungue kabla ya dakika 30. Oka gato nyembamba mbili badala ya nene moja, zinaiva sawa na hazivimbi kichwa, hutakuwa na cha kukata.

Mwanafunzi Katuba: Na sukari glasi ikikosekana dukani?

*Jibu:* Sukari nyeupe kikombe 1, maizena kijiko 1, saga kwenye blenda kavu kabisa, chekecha mara mbili. Kwa krem inatosha. Kwa fondanti itabaki na chenga, utazisikia chini ya vidole unapokanda. Hapo ni bora kungoja mzigo wa mpakani Kasumbalesa uingie.