Jinsi ya kumwangalia Rick Mears mpaka uelewe mbio za ovali

Wadau wa F1 mkiwekewa mbio za ovali, yaani za magari kwenye uwanja wa duara refu, huwa mnauliza swali moja, hawa si wanakata kushoto tu mpaka mafuta yaishe? Sawa, wanakata kushoto. Ila ukitaka kujua ugumu uko wapi, chukua dereva mmoja umfuatilie toka anaanza mpaka anastaafu, na mimi nakupa Rick Mears, Mmarekani aliyekulia Bakersfield, California, akaanzia magari ya jangwani, 1978 timu ya Penske wakampa gari na hapo ndo akakaa mpaka mwisho. Indy 500, mbio kubwa za maili 500 pale Indianapolis, Marekani, kashinda mara nne, 1979, 1984, 1988 na 1991. Pole, yaani nafasi ya kuanza mbele ya wote kwa kuwa na kasi kubwa kwenye raundi nne za kupima muda, kaichukua mara sita pale pale na hakuna aliyeifikia mpaka leo. Ubingwa wa CART, ligi ya magari hayo enzi hizo, mara tatu. Video zake zimejaa YouTube, mbio nzima nzima, sio vipande.

Kabla hujabonyeza play ujue uwanja wa Indianapolis kwanza. Raundi moja ni maili 2.5, kama kilometa 4 hivi, kona nne, raundi 200. Kona zimeinama nyuzi 9 na kidogo tu, kwa hiyo usidhani mwinamo ndo unambeba dereva. Gari yenyewe imesetiwa kwa kushoto peke yake, tairi la nyuma la kulia ni kubwa kidogo kuliko la kushoto, yaani hata kwenye mnyoosho gari inataka kwenda kushoto yenyewe na dereva anaizuia. Afu ndani, pembeni ya usukani, kuna vishikio vya kulegeza au kukaza gari mbele na nyuma huku unakimbia. Mears alikuwa fundi wa hivyo vishikio balaa.

Sasa kosa la wengi ni kumtafuta mbele toka raundi ya kwanza. Usimtafute huko. Chukua karatasi, kila raundi 20 andika yuko wa ngapi, basi, usihangaike na kingine. Anza na 1988 maana hiyo inaonekana wazi: kaanza pole, gari ikawa haishikiki kabisa, mwenzake wa Penske, Danny Sullivan, ndo anaongoza anavyotaka, Mears anarudi nyuma, anarudi tena, na wewe unajiuliza huyu ndo bingwa kweli? Muda wote huo anatengeneza gari. Kila akiingia piti, pale mafundi wanapojaza mafuta na kubadili tairi, wanagusa bawa linalokandamiza gari chini kidogo, tairi kidogo, anatoka, anasikilizia. Gari tamu ya raundi ya 20 sio lazima iwe tamu raundi ya 180, joto limebadilika, lami imebadilika, na yeye alikuwa anaijenga ya raundi ya 180. Sullivan akaja kugonga ukuta katikati ya mbio, Mears akamaliza kazi.

Ukishaelewa hapo nenda 1991, na hii iangalie kwa utulivu. Alikuwa amegonga ukuta kwenye mazoezi, mguu wa kulia umeumia, kesho yake akapanda gari ya akiba akachukua pole, 224.113 mph, kama 361 km/h, wastani wa raundi nne. Kwenye mbio zenyewe mwenyewe alisimulia kwamba mguu uliuma mpaka akawa anapitisha wa kushoto juu yake ili kusaidia kukanyaga mafuta! Mpinzani wake Michael Andretti ndo alikuwa na gari kali siku ile. Sogeza mpaka raundi ya 187, bendera ya njano, ile ya hatari inayozuia kupitana, imeondolewa, Michael anampita Mears kwa nje kona ya kwanza, uwanja mzima umesimama. Raundi inayofuata, kona ile ile, Mears anamrudishia kwa nje vile vile. Pozi hapo. Rudisha nyuma, angalia gari ya Mears inavyotoka nyuma ya mwenzake mapema kabla ya kona, haingii nayo kwenye hewa chafu, ile iliyovurugwa na gari ya mbele, maana ukiingia kona umemganda mtu mgongoni bawa lako la mbele halipati upepo na pua inakimbilia ukutani. Anapanda juu ambako hewa ni safi. Zimebaki kama raundi 12 na hakushikwa tena.

Baada ya kumwona akishinda mwone akishindwa, 1982. Piti ya mwisho ilimlia muda, wakamjazia mafuta mengi kuliko Gordon Johncock, akatoka yuko nyuma sekunde 11 hivi. Akaanza kuzipunguza, karibu sekunde moja kila raundi. Bendera nyeupe, ya raundi ya mwisho, wako sambamba, Mears anajaribu kwa ndani kona ya kwanza, Johncock hafungui mlango. Tofauti mwishoni sekunde 0.16. Hesabu mwenyewe zile sekunde za piti afu utajua kwa nini mafundi wa mbio hizi wanalipwa.

Ya 1981 iangalie kama una roho ngumu. Mafuta yalimwagika piti yakawaka, na ni methanoli, moto wake mchana hauuoni, unaona watu wanarukaruka tu wanajipiga mwili. Mears aliungua uso, na mwaka huo huo akachukua ubingwa. 1984 ndo ikaja ajali ya uwanja wa Sanair, Quebec, Canada, miguu ikasagika vibaya mno. Toka hapo kwenye viwanja visivyo vya ovali, vyenye kona za kushoto na kulia, breki na gia nyingi, hakuwa yule tena, lakini kwenye ovali aliendelea kuwanyoosha. Kwa hiyo ukikuta mtu anasema Mears alikuwa mzuri upande mmoja tu, mwulize anaongelea kabla au baada ya 1984.

Ya 1992 iruke, aliumia tena kwenye mazoezi na mbio zenyewe hakumaliza, na Desemba akawatangazia wenzake kwenye sherehe ya Krismasi ya timu kwamba anaacha. Badala yake tafuta mbio za Helio Castroneves za enzi za Penske, mwenye Indy 500 nne kama yeye. Kwa miaka mingi spota wake, yule anayekaa juu na redio anamwambia nani yuko pembeni, alikuwa Mears.