Somo: Zungusha bamba, mkono utulie

Mwaka 1927 Stanley William Hayter, Mwingereza aliyesomea kemia, alifungua Paris karakana ya uchapaji wa picha iliyokuja kuitwa Atelier 17. Wasanii Joan Miró, Max Ernst na André Masson walichapa hapo. Mgeni alianzia bamba la majaribio, kipande bapa cha shaba: achonge bila kuwaza picha. Mkono wenye burini, chuma chembamba cha kuchongea shaba, ulitulia. Mkono wa pili ndio uliozungusha bamba. Leo tunafanya hivyo kwa boksi la maziwa, maana shaba ni ghali.

1. Kata boksi, lioshe, likauke. Upande wa ndani unaong'aa ndio bamba lako.

2. Shika msumari wima, kiwiko kiguse meza. Sasa sukuma boksi kwa mkono wa kushoto. Hapa usiwe na haraka, ndipo penye utamu wote. Utasikia msumari ukikwaruza, kisha ghafla ukizama: ngozi ya rangi ya fedha imepasuka. Wino utakaa humo. Mkono wa kulia ukianza kuongoza, simama, vuta pumzi, uanze upya.

3. Paka wino mzito wa mafuta, ushindilie kwa kitambaa, halafu futa juu kwa gazeti.

4. Lowesha karatasi nene dakika kumi, ikaushe kwa taulo, iweke juu ya bamba, usugue kwa nguvu kwa mgongo wa kijiko.

Swali: Mwalimu, yangu yote yametoka maduara.
Jibu: Unazungusha kwa mwendo mmoja. Sukuma, vuta, simama katikati ya mstari, geuza upande wa pili.

Swali: Nimeona uso katikati. Nimalizie macho?
Jibu: Bado, dada. Mkono ukishajua ni uso, utarudia mazoea: jicho, jicho, pua. Geuza boksi robo, uendelee. Masson naye aliacha mistari ijiendee kwanza. Kiumbe kikijitokeza, ndipo alipokikazia. Chapa kwanza, uitazame pande zote nne, halafu uchague. Kumbuka picha hutoka imegeuka kushoto kulia, kwa hiyo hata uso ule huenda usiuone tena.

Swali: Chapa yangu nyeusi tii!
Jibu: Hukufuta vya kutosha, kaka. Malizia kwa kiganja kikavu, ukipitisha juu juu, mpaka fedha ing'ae tena kati ya mikwaruzo.